Katalogi ya picha yaweza kujaza kompyuta yako

MAHINDI na maharage yakishaingia ghalani, harusi na sherehe za kipaimara huandamana katika uwanda wa Ufipa, na wenye studio za picha Sumbawanga, Laela na Matai hupata kazi. Hapo ndipo kompyuta nayo huonya kuwa nafasi imekwisha, na mwenye studio akaanza kufuta picha za wateja.

Ndugu msomaji, usifute kwanza. Angalia kanzidata ya programu yako. Kwa watumiaji wa Lightroom, iliyoingia sokoni mwaka 2007, faili hilo huitwa katalogi. Ni kama daftari la ghala: linaonyesha kila gunia liko wapi na limefanyiwa nini, lakini ndani yake hamna hata punje ya mahindi. Anayenakili katalogi peke yake hajahifadhi picha hata moja.

Unapohamia toleo kubwa jipya, Lightroom hutengeneza katalogi mpya na kuiacha ya zamani palepale. Tuseme ya kwanza ilikuwa megabaiti 800. Ukipandisha toleo mara mbili utakuwa nazo tatu, karibu gigabaiti 2.4, na inayofanya kazi ni moja tu. Bado hujahesabu nakala za akiba zinazojirundika kila wiki.

Hata hivyo, ukubwa wa faili hudanganya. Ukiondoa picha, katalogi haipungui papo hapo. Nafasi hubaki tupu ndani yake mpaka utoe amri ya kuiboresha. Nazo nakala za akiba za matoleo ya karibuni hubanwa, hivyo huonekana ndogo. Linganisha idadi ya picha, si megabaiti.

Mlaji mkubwa mara nyingi ni folda ya vivuli vya picha, ambayo jina lake huishia na "Previews.lrdata". Hiyo ukiifuta, programu huitengeneza upya, mradi picha halisi zipo.

Wapo pia waliobaki na Picasa, ambayo Google iliiacha mwaka 2016. Kanzidata yake hukaa diski C hata kama picha ziko diski ya nje. Vifaili vidogo vya ".picasa.ini" katika folda za picha si takataka, vimebeba marekebisho yako.

Baada ya kupandisha toleo, fungua katalogi mpya, hesabu picha, kagua chache za zamani. Zikitimia, hamishia katalogi ya zamani kwenye diski ya nje, ndipo uifute kwenye kompyuta. Diski hiyo usiiweke mkoba mmoja na kompyuta.