Patasi Bado Ina Kazi Kisumu

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika useremala wa Kisumu ameingia mgeni, nayo ni mashine ya kukata mbao iongozwayo na kompyuta, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake tatu, CNC. Je, mwenyeji atapona, au atatolewa nyumbani mwake? Ili kulijibu swali hili hatuna haja ya kutazama makabati na vitanda. Tutazame kitu kidogo tu: fremu ya picha.

Sisi wa pwani fremu twaijua. Ni nyumba ngapi za Mombasa au Lamu zisizokuwa na Ayatul Kursiy ukutani, au picha ya Al-Kaaba, au sura ya babu aliyevaa kanzu na koti? Kisumu nako si ugenini. Reli iliyotoka Mombasa ilifika huko mwaka 1901, ikarahisisha safari baina ya pwani na ziwa, na hata leo mashua za wavuvi wa ziwa hilo hutweka tanga la pembetatu mfano wa letu.

Ukienda soko la Kibuye utawakuta maseremala wakifanya kazi chini ya jua. Fundi wa fremu huchagua ubao, uwe wa mvule, wa saiprasi, au wa mti ambao Wajaluo huuita siala. Huupiga randa, kisha kwa upande wa ndani huuchonga kidato chembamba cha kukalia kioo. Halafu hukata vipande vinne, kila ncha kwa nyuzi 45, ili viwili vikutanapo vifanye pembe ya mraba. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Fremu ina mikato minane. Akikosea nusu nyuzi katika kila mkato, pembe tatu za mwanzo zitafunga vizuri, na makosa yote yatakusanyika katika pembe ya nne, iachame kwa nyuzi nne nzima. Hakuna gundi ya kulificha pengo hilo.

Sasa tumtazame mgeni. Asili yake ni Marekani, ambako mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata tarakimu zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Leo utepe umekwisha, lakini akili ni ile ile. Mtu huchora fremu katika kompyuta, na programu huigeuza michoro kuwa njia. Ubao hubanwa juu ya meza, na kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika huifuata njia hiyo: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Kisumu yenyewe ina karakana ya umma ya mashine za namna hii, iitwayo Fablab Winam, kwa jina la ile ghuba ya ziwa.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Mashine hiyo haichoki, wala mkono wake hautetemeki. Ikichonga maua na majani katika fremu ya kwanza, ya ishirini itakuwa pacha wake. Kazi ya kuchora nakshi inayomchukua fundi siku nzima, yenyewe huimaliza kwa muda mfupi sana.

Lakini msomaji, tazama kisu chenyewe. Ni cha mviringo. Kikiingia katika kona ya ndani, pale kioo kinapokalia, hakiwezi kuacha pembe kali. Kisu chenye upana wa milimita 6 huacha kona iliyoviringa kwa milimita 3. Kioo nacho kina ncha za mraba, basi hakiingii. Dawa yake ni nini? Ni kuchukua patasi, ile ile ya Kibuye, na kuimaliza kona kwa mkono.

Tena mashine haiujui mti. Kijana aliyejifunza kompyuta bila ya kujifunza mbao hupenda kuikata fremu nzima katika ubao mmoja, akidhani ameepukana na taabu ya kuunga. Hajui kwamba nyuzi za ubao hukimbilia upande mmoja tu: pande mbili za fremu yake zitakuwa imara, na mbili nyingine zitavunjika kama biskuti. Na ubao wa katikati wote umepotea. Vilevile mashine haiulizi kama mbao ni mbichi. Itaukata ubao mbichi kwa usahihi wa ajabu, nao ukikauka utapinda, na usahihi wote uende na upepo.

Kwa hivyo hatari si mashine, bali ni kuwatenga watu wawili: mzee mwenye patasi asiyekaribishwa penye kompyuta, na kijana mwenye kompyuta ambaye hakuwahi kukaa miguuni pa fundi. Wakikaa karakana moja watafanya fremu ambayo hakuna mmoja wao angeifanya peke yake. Wakitengana, mzee atakosa wanunuzi, na kijana atauza fremu zinazovunjika.

Nasi wa pwani tuna letu la kuangalia. Nakshi za milango ya Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zaweza kupigwa picha leo na kesho zikachongwa na mashine popote duniani. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za asili, lakini sheria haichongi. Nakshi hulindwa kwanza na anayejua maana yake na akamfundisha mwanawe.

Mgeni amekwisha kuingia, na adabu yetu ni kumpa kiti. Lakini asikalie kiti cha fundi. Siku kioo kitakapokataa kuingia kwenye kona, atatafutwa mwenye patasi, na ole wetu ikiwa hayupo.