Nyumba Ndogo Yaweza Kuwa na Nafasi

Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, mara nyingi familia nzima hukaa katika nyumba ya vyumba viwili. Tangu vita vya 1993, nyumba nyingi zimepokea pia ndugu waliokimbia vijiji vyao. Mama wa nyumba hujiuliza, «Wageni hawa nitawalaza wapi?» Kitanda kimejaza chumba, na viti vimeziba njia.

Yafaa tutazame desturi ya Wajapani. Nchi yao nayo ni ya milima, volkano na matetemeko, na tangu zamani hujenga kwa mbao. Chumba chao cha desturi hakina kitanda wala viti. Sakafu imeinuliwa juu ya ardhi, nayo imetandikwa mikeka minene iitwayo tatami, ya mabua ya mpunga yaliyofunikwa kwa matete laini ya kusukwa. Mkeka mmoja una urefu wa sentimeta 180 hivi na upana wa 90. Ukubwa wa chumba huhesabiwa kwa mikeka. Usiku hutandika magodoro membamba. Asubuhi huyakunja na kuyatia kabatini, kisha huleta meza fupi. Hivyo chumba kile kile huwa cha kulala, cha kulia na cha kupokea wageni. Viatu huachwa mlangoni. Siku hizi Wajapani wengi wana vitanda na viti, lakini nyumba nyingine zingali zimehifadhi chumba kimoja cha mikeka.

Je, sisi twakosa nini? Mianzi yamea milimani, na mikono ya kusuka mikeka haikosekani. Lakini tuangalie: mkeka uliowekwa juu ya udongo mtupu hunyonya unyevu, na baridi ya Masisi ni kali. Kwanza inua sakafu kwa mbao au kwa fito za mianzi. Kila asubuhi kunja malalo, uyaanike jua likitoka, na ufagie vizuri, kwani funza hupenda vumbi la sakafu. Nguo zipate rafu ukutani. Moto ubaki jikoni, mbali na mikeka.

Heshima ya nyumba si wingi wa vyombo. Kabla ya kukopa fedha ili ununue viti vikubwa, pima sakafu yako: watu wangapi waweza kulala hapo? Ndugu apigaye hodi usiku wa mvua haulizi kiti. Aomba mahali pa kunyosha miguu.