Parafujo Iliyolegea Katika Mbao: Ya Kuangalia Kabla ya Kumwita Fundi

Katika kasoro za samani za nyumbani, ni chache zinazodharauliwa kama parafujo iliyolegea, ambayo mafundi wengi huiita skrubu. Mlango wa kabati la nguo huanza kushuka upande mmoja. Mwenye nyumba huzoea kuuinua kidogo kwa mkono ili ufunge, na watoto nao huiga. Miezi michache baadaye bawaba ya juu hung'oka, na mlango wote, pamoja na kioo chake, hubaki ukining'inia kwa bawaba moja ya chini. Katika vyumba vya kupanga vya Kariakoo, Gerezani na Ilala, ambako kitanda cha mtoto mara nyingi hupakana na kabati, hatari yake haihitaji maelezo marefu.

Walaji wengi hupoteza fedha kwa sababu hiyo hiyo moja: wanalipia kukazwa kwa parafujo ilhali kilichoharibika ni tundu lake. Parafujo hushika kwa hesi zake, yaani ile mistari inayoizunguka, ambazo hujichimbia katika nyuzi za mbao. Nyuzi hizo zikishasagika, hakuna kitu cha kushika. Mtu akiendelea kuzungusha bisibisi, parafujo huzunguka tu mahali pake na kila mzunguko hulipanua tundu. Fundi akiweka parafujo nene zaidi, kabati litatulia kwa muda, kisha litalegea tena likiwa na tundu kubwa kuliko la mwanzo, na mara nyingine ubao hupasuka siku hiyo hiyo.

Hali ya Dar es Salaam huchangia. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba wakati wa masika na vuli, kisha hukauka na kusinyaa, na mwendo huo mdogo unaorudiwa kila mwaka huzilegeza parafujo hata zilizofungwa vizuri. Hewa yetu ya pwani yenye chumvi huzila kwa kutu zile za chuma hafifu, na kutu hiyo hudhoofisha mbao iliyo jirani nayo. Sababu nyingine ni kuhama. Kabati linalokuja katika boksi limeundwa ili lifungwe mara moja na likae. Mpangaji anayelifungua na kulifunga upya kila anapobadilisha nyumba huyachakaza matundu yake kwa haraka kuliko mlango unavyoyachakaza kwa miaka kadhaa.

Kutambua kilichoharibika

Kabla ya kutoa hata shilingi, mlaji afungue mlango, aushike kwa chini na kuuinua kidogo huku akiitazama bawaba. Bawaba ikitikisika juu ya mbao, tatizo liko katika parafujo au tundu. Bawaba ikiwa imetulia ila mlango unacheza, bawaba yenyewe imechakaa, na kuzibadilisha bawaba ni kazi nyingine kabisa. Ipo pia hali ya tatu, nayo ni nafuu kuliko zote. Makabati mengi ya kisasa yanayouzwa Kariakoo hutumia bawaba ya kikombe, ile iliyozamishwa mlangoni katika shimo la duara lenye kipenyo cha milimita 35. Bawaba ya namna hiyo huwa na parafujo za kurekebishia ambazo kazi yake ni kusogeza mlango juu, chini, au pembeni. Mlango ulioinama kwa sababu hizo zimesogea hunyooshwa kwa bisibisi katika dakika chache, na hakuna sababu ya kuutozea bei ya matengenezo makubwa.

Ikiwa kasoro iko katika tundu, parafujo moja itolewe na itazamwe. Hesi zake zikiwa na vumbi la mbao lililokauka na kushikana kama nyuzi, mbao ni nzima ila imesagika. Zikitoka na chembechembe kama za makombo ya mkate, hiyo ni chipbodi, hata kama juu imepambwa kwa mistari ya mninga. Zikitoka na unga laini sana na pembeni kukawa na vitundu vidogo vya duara, wadudu wanaotoboa mbao wameingia. Dawa itangulie matengenezo, la sivyo fedha ya fundi italiwa pamoja na ubao.

Mbao kamili hutengenezeka

Mninga, mkongo, msaji, na hata paina ya Sao Hill hutengenezeka vizuri, na kazi hiyo mtu mtulivu anaweza kuifanya mwenyewe. Kwanza mlango ushikwe na mtu wa pili, au uegemezwe juu ya vitabu, kabla ya parafujo ya mwisho kutolewa. Ajali nyingi za kazi hii hutokea wakati huo. Tundu lisafishwe vumbi, na ikiwa mtu aliwahi kutia mafuta ndani yake, lifutwe kwa kitambaa kikavu, kwa maana gundi haishiki penye mafuta.

Kisha njiti za meno, au vipande vyembamba vilivyochongwa kutoka masalia ya mbao ngumu, vichovywe katika gundi nyeupe ya mbao na kushindiliwa tunduni mpaka pasiwe na nafasi ya kingine. Njiti za kiberiti hufaa pia, vichwa vikikatwa, ingawa mbao yake ni laini na kwa mlango mzito tungependelea nyingine. Kazi iachwe hadi siku ya pili. Hapa ndipo haraka inapoharibu: gundi inayoonekana kavu juu bado ni mbichi ndani, na parafujo ikizungushwa ndani yake huvichomoa vijiti vyote. Ikishakauka, vinavyochomoza vikatwe kwa kisu sawasawa na uso wa ubao, kisha pachimbwe tundu dogo la kuiongoza parafujo. Kwa parafujo yenye unene wa milimita 4, tundu la milimita 2.5 hadi 3 linatosha, dogo zaidi kwa mbao laini na kubwa zaidi kwa mbao ngumu. Anayeruka hatua hii katika mninga au mkongo ama huupasua ubao ama hukata kichwa cha parafujo, hasa ikiwa ni ya shaba nyeupe.

Mafundi wengi huisugua parafujo kwa sabuni ya mche ili iingie kwa wepesi. Inaingia kweli, lakini sabuni huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Kipande cha mshumaa hufanya kazi ile ile bila madhara hayo.

Tundu likiwa limeharibika kiasi kwamba kidole kidogo kinakaribia kuingia, vijiti havitatosha. Hapo fundi hulipanua kwa keekee hadi milimita 8 au 10 na kulizibua kabisa, kisha hugongea kigingi cha mbao ngumu kilichopakwa gundi. Fundi mzuri hukichonga kigingi hicho ili nyuzi zake zilale sambamba na nyuzi za ubao, kwa kuwa parafujo inayoingia kwa kufuata urefu wa nyuzi hushika kidogo kuliko inayozikata. Ukimsikia fundi akilitaja jambo hilo bila kuulizwa, umempata fundi.

Kuhusu urefu wa parafujo, mlaji apime kabla ya kununua. Mbao nyingi za makabati zina unene wa milimita 16 au 18, na parafujo ya milimita 25 iliyofungwa kwa haraka hutokeza ncha upande wa pili, ambako nguo na vidole huikuta.

Chipbodi ni habari nyingine

Chipbodi na MDF hazina nyuzi ndefu za kushikwa; ni chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Tundu likifa, vijiti vya meno huokoa mlango mwepesi tu. Ubao uliokwisha kuingiwa na maji na kuvimba haurudi katika unene wake, na fundi anayeahidi kuukausha ukawa kama mpya anauza maneno. Ikiwa ubao ni mkavu na mzima, njia yenye uhakika ni kutoboa upande wa pili na kufunga bawaba kwa bolti nyembamba, washa pana na nati. Haipendezi macho, kwa sababu kichwa cha bolti kitaonekana ubavuni mwa kabati, lakini inabeba uzito. Njia nyingine ni kubandika kwa gundi kipande cha plaiwudi kwa ndani na kukifunga juu yake. Kwa kabati lenye kioo kizito na ubao uliovimba, ushauri wetu ni kuuondoa mlango na kuweka pazia kuliko kulipia matengenezo mara tatu kwa mwaka.

Vitu vinavyobebwa kwa mkanda

Kasoro hii hii huvipata vitu vinavyoning'inia begani. Gitaa huwa na kitufe cha mkanda kilichoshikwa na parafujo moja mwishoni mwa mwili wake, na hutengenezwa kwa vijiti na gundi kama tulivyoeleza. Bunduki ya kuwindia nayo huwa na sehemu mbili za kufungia mkanda: ya mbele chini ya mtutu, ambayo katika bunduki nyingi hushikwa na bolti na nati iliyofichwa ndani ya mbao, na ya nyuma karibu na mwisho wa kitako, ambayo kwa kawaida ni parafujo ya mbao. Ya nyuma ndiyo hulegea zaidi, na ikichomoka wakati mwindaji anatembea, silaha huanguka kutoka begani.

Kanuni za mbao hazibadiliki, ila bunduki hatuiweki katika kazi za kujitengenezea wala za fundi wa samani. Umiliki wake unatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwenye leseni ndiye anayewajibika nayo. Kumwachia fundi wa makabati hata kwa saa moja ni kuiweka mikononi mwa mtu asiye na kibali. Mwenye silaha aulize kwanza polisi, mahali leseni yake inaposhughulikiwa, ni nani anayeruhusiwa kuitengeneza. Wakati akisubiri, aondoe mkanda, asiibebe begani, na ihifadhiwe bila risasi.

Kuelewana na fundi

Ukimwita fundi, mwombe atoe parafujo na kukuonyesha tundu kabla ya kutaja bei. Bei inayotajwa kutokea mlangoni ni ya kubahatisha, na kwa kawaida hubahatishwa kwa faida ya anayeitaja. Muulize atalijaza tundu kwa kitu gani. Akijibu kwamba ataweka parafujo nene au atapigilia msumari, mshukuru na utafute mwingine. Msumari katika bawaba huchomoka kwa mwendo wa mlango wenyewe. Malipo ya awali yasizidi gharama ya vifaa, na karatasi ndogo yenye jina, namba ya simu, kazi iliyokubaliwa, bei na tarehe haimvunjii mtu heshima. Ukimwomba kwa upole, fundi mwaminifu huiandika mwenyewe.

Ikiwa kabati ni jipya

Kabati lililonunuliwa majuzi halipaswi kutengenezwa kwa fedha ya mnunuzi kabla muuzaji hajaelezwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na bidhaa inayonunuliwa kwa mtu anayefanya biashara ya aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Aliyeambiwa ananunua mninga, kisha tundu la bawaba likamwaga makombo ya chipbodi, hakupewa alichokubaliana. Maneno yanayochapwa chini ya stakabadhi nyingi, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayaigeuzi chipbodi kuwa mninga.

Upo upande wa pili wa sheria hiyo ambao walaji wengi hawaujui. Mnunuzi akiikagua bidhaa kabla ya kununua, hawezi baadaye kuilalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo ukaguzi wa harakaharaka dukani una hasara yake. Fungua kila mlango, uinue kwa chini, tazama kingo za ubao kwa nyuma ambako urembo haufiki, na uulize kwa sauti kabati ni la mbao gani. Jibu liandikwe katika risiti ya EFD au katika karatasi yenye mhuri wa duka. Anayeagiza samani kwa mafundi wa Keko au Buguruni, ambako mara nyingi mapatano huwa ya mdomo, aandikishe aina ya mbao, unene wake, na idadi ya bawaba kwa kila mlango. Mlango mrefu wenye kioo unahitaji zaidi ya mbili.

Kasoro ikijitokeza, mrudie muuzaji kwanza ukiwa na risiti, na umwachie malalamiko kwa maandishi. Asipochukua hatua, jambo hilo lifikishwe Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ambatisha nakala ya risiti, nakala ya barua uliyomwandikia muuzaji, na picha ya tundu pamoja na parafujo iliyotolewa. Picha hiyo ipigwe kabla fundi yeyote hajaligusa kabati, kwa sababu tundu lililokwisha kujazwa vijiti na gundi halionyeshi tena lilivyokuwa.