Ruleti: Aina za Dau na Gharama Yake kwa Mchezaji

Mavuno yanapokwisha katika Nyanda za Juu Kusini, fedha za mahindi na viazi huingia mikononi mwa wakulima wa Mbeya na Iringa. Fedha hizo tayari zina kazi: mbolea ya msimu ujao, kodi ya shamba, sare na madaftari ya watoto mwezi Januari. Mkulima aliyeuza viazi Mwanjelwa akashawishika kucheza ruleti, iwe kwenye meza, kwenye skrini au kwa simu, anapaswa kuelewa kwanza kile anachokinunua.

Gurudumu na meza

Gurudumu la kawaida la ruleti lina vitundu 37, vyenye namba 0 hadi 36. Namba 18 ni nyekundu, 18 ni nyeusi, na sifuri ni ya kijani. Mchezaji huweka dau juu ya meza iliyochorwa namba hizo, kisha kigololo huzungushwa mpaka kitue katika kitundu kimoja. Katika mchezo wa skrini, kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta.

Aina za dau

Madau ya ndani huwekwa juu ya namba zenyewe:
- Namba moja: hulipa 35 kwa 1.
- Namba mbili zinazopakana: 17 kwa 1.
- Namba tatu za mstari mmoja: 11 kwa 1.
- Namba nne zinazokutana pembeni: 8 kwa 1.
- Namba sita za mistari miwili: 5 kwa 1.

Madau ya nje huwekwa juu ya makundi makubwa:
- Namba 12 za dazeni moja au za safu moja: 2 kwa 1.
- Nyekundu au nyeusi, shufwa au witiri, 1–18 au 19–36: 1 kwa 1.

“35 kwa 1” maana yake ni kwamba aliyeweka Sh 1,000 akashinda hupewa faida ya Sh 35,000 na kurudishiwa Sh 1,000 yake, jumla Sh 36,000. Baadhi ya skrini huonyesha jumla hiyo badala ya faida. Uliza mapema: iwapo namba moja inalipa 35 pamoja na dau lako ndani yake, unalipwa pungufu ya malipo ya kawaida.

Madau yote yana bei moja

Wengi hudhani kwamba dau la rangi ni salama na dau la namba moja ndilo lenye hatari. Tuchukue mizunguko 37 ambayo kila namba imetokea mara moja, huku mchezaji akiweka Sh 1,000 kila mzunguko. Ametoa Sh 37,000. Aliyeng’ang’ania namba moja ameshinda mara 1 na kupokea Sh 36,000. Aliyechagua dazeni ameshinda mara 12, kila mara Sh 3,000: Sh 36,000. Aliyechagua nyekundu ameshinda mara 18, kila mara Sh 2,000: Sh 36,000 vilevile. Wote wamepungukiwa Sh 1,000, yaani takribani asilimia 2.7. Tofauti iko katika mwendo tu: mmoja hupoteza mara nyingi na kushinda kwa kishindo, mwingine hupanda na kushuka kidogo kidogo. Kinacholeta upungufu huo ni sifuri.

Baadhi ya magurudumu yana sifuri mbili, hivyo vitundu 38, ilhali malipo ni yaleyale. Hapo upungufu hufika asilimia 5.26, karibu mara mbili.

Asilimia 2.7 huonekana ndogo, lakini hukatwa katika kila dau. Mtu mwenye Sh 100,000 anayezirudisha mezani tena na tena mpaka madau yake yafikie Sh 1,000,000 hutarajiwa, kwa wastani, kupoteza takribani Sh 27,000.

Mbinu ya kuongeza dau maradufu

Wapo wanaoshauri kuongeza dau mara mbili kila unaposhindwa. Ukianza na Sh 500 juu ya nyekundu na kushindwa mara saba mfululizo, umekwisha kutoa Sh 63,500, na dau linalofuata ni Sh 64,000, yote hayo kwa ajili ya faida ya Sh 500. Mkosi wa namna hiyo hutokea takribani mara 1 katika kila majaribio 106. Wala gurudumu halina kumbukumbu: nyeusi ikitokea mara sita, nyekundu haijawa na “zamu”.

Kabla ya kuweka dau

- Cheza tu kwa mwendeshaji mwenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Una haki ya kuomba kuiona.
- Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.
- Hesabu sifuri zilizopo, na soma jedwali la malipo.
- Uliza ni kodi gani itakayokatwa katika ushindi wako.
- Tunza tiketi au ujumbe wa muamala. Bila huo ni vigumu kuthibitisha malalamiko.
- Tenga kwanza fedha za mbolea, shule na chakula. Kinachobaki, ukiamua kucheza, kihesabu kuwa gharama ya burudani iliyokwisha kutumika.
- Usikope ili kufidia ulichopoteza. Ukiona huwezi kuacha, mweleze mtu wa karibu, na umwombe mwendeshaji akuzuie kucheza.