Mutwanga: Kabla ya kunywa maji ya nyumba iliyofungwa kwa miezi, chunguza tiyo zako

Mwenye nyumba anayerudi Mutwanga baada ya miezi mingi kwa jamaa huko Beni ao Butembo huangalia kwanza mlango, mabati na shamba la kakao. Robine anaifungua mwisho, wakati watoto wamekwisha kuwa na kiu. Maji yanatoka mekundu kidogo, kisha yanakuwa meupe, na kila mtu anakunywa. Hapo ndipo hatari inaanza, kwa kuwa maji meupe si lazima yawe maji safi.

Hali hiyo si ya watu wachache. Tangu mwisho wa mwaka 2020, vijiji vya sekta ya Rwenzori, katika eneo la Beni, vilipigwa na mashambulizi ya ADF. Loselose na Mwenda ni kati ya vile vilivyoumia sana, na familia nyingi zilikimbia. Wengine walirudi, wakakimbia tena, kisha wakarudi. Kila mara nyumba inapobaki bila watu, tiyo, tangi na choo vinabaki bila mwangalizi.

Maji yanayolala yanaharibika

Maji yakikaa wiki nyingi ndani ya tiyo na tangi bila kutembea, vijidudu vinazaana. Tangi lenye kifuniko kibovu linaingia majani, mijusi na mayai ya mbu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayerudi si kunywa, ni kumwaga. Fungua robine zote, ukianza na ile iliyo karibu na mwingilio wa maji na kumaliza na ya mbali, mpaka maji yatoke bila rangi na bila harufu.

Tangi linahitaji kazi zaidi. Limwage, sugua kuta na chini kwa brosi, toa tope, kisha lijaze tena. Kwa tangi la lita 1000, lita 1 ya maji ya javel yenye klorini ya asilimia 5 inatosha kuua vijidudu. Soma karatasi ya chupa, maana javel hazina nguvu sawa. Fungua kila robine mpaka harufu ya javel isikike, ufunge, uache usiku mzima. Asubuhi mwaga yote bila kunywa hata kikombe, ujaze maji mapya. Mpaka kazi hiyo iishe, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima.

Kupima bila fundi

Baada ya usafi inakuja swali la pili: je, maji yanapotea mahali fulani? Hapa mwenye nyumba anaweza kujipimia bila kulipa franka hata moja.

Nyumba yenye kompteri, ile mita inayohesabu maji, ni rahisi. Jioni, funga robine zote, andika namba, lala. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajachota, soma tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanatoka mahali usipopaona. Asiye na kompteri lakini ana tangi atafunga maji yanayoingia, atapiga alama ya makaa kwenye usawa wa maji, na kuangalia asubuhi kama yameshuka.

Robine inayodondoka inadharauliwa kwa sababu tone ni dogo. Weka chombo chini yake kwa saa 1. Ukipata desilita 2 tu, hiyo ni karibu lita 5 kwa siku, yaani bidoni ya lita 20 kila siku nne. Mama ao mtoto anayebeba bidoni hiyo kichwani kutoka kwenye chemchemi anajua uzito wake. Mara nyingi ugonjwa wa robine ni kampira kadogo ka ndani kaliokwisha kulika, na kukabadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kwa choo cha kuvuta maji, mwaga kahawa nyeusi ndani ya kitangi chake, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini ndani ya bakuli, maji yanapita polepole mchana na usiku.

Nguvu ya mlima

Chini ya Rwenzori kuna jambo ambalo watu wa miji ya tambarare hawalijui sana. Mahali ambapo maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani, bila pompi, kila mita 10 za kushuka zinaongeza nguvu ya karibu bari 1. Chemchemi iliyojengwa mita 60 juu ya nyumba inasukuma kwa karibu bari 6 robine zote zikiwa zimefungwa, wakati vifaa vya nyumbani vinakaa vizuri karibu na bari 3. Ndiyo sababu tiyo nyingi zinapasuka usiku: watu wamelala, hakuna anayechota, nguvu yote inabaki ndani.

Dawa yake ni vyumba vidogo vya kuvunja nguvu vinavyojengwa njiani kwenye mteremko, ao kifaa cha kupunguza nguvu kwenye mwingilio wa nyumba. Usiku, kufunga vani kuu ya parseli ni desturi nzuri. Na kama parseli haina vani, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kwa sababu siku tiyo itakapopasuka hutakuwa na njia ya kusimamisha maji.

Tundu linapoteza maji, na linaingiza uchafu pia. Maji yakikatika, tiyo inabaki tupu na inavuta ndani maji machafu yaliyo nje yake. Yakirudi, uchafu huo unafika kwenye kikombe. Tiyo inayopita ndani ya mtaro ao karibu na shimo la choo ni mlango wazi wa tifoidi na kipindupindu. Tiyo ihamishwe. Kisima nacho kiwe mbali na choo kwa mita 30 ao zaidi, na chini ya shimo la choo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 ao zaidi.

Angalia pia ukuta. Doa la unyevu linalorudi kila ukipaka rangi, simenti inayobomoka chini ya lavabo, ao matofali yanayolainika karibu na msingi, vyote vinasema maji yanakula nyumba. Na tangu mwaka 2013, kituo cha umeme cha mbuga ya Virunga kilipofunguliwa Mutwanga, maji na umeme vinakutana ndani ya nyumba nyingi. Waya iliyo karibu na ukuta unaovuja inaweza kuua. Kata umeme kwanza, kisha uite fundi.

Nani analipa?

Kwa kawaida, mwenye mtandao, awe REGIDESO kama huko Beni na Butembo ao komite ya maji ya kijiji, anatengeneza mpaka kwenye kompteri ao mwingilio wa parseli. Kutoka hapo kuingia ndani ni juu ya mwenye nyumba. Mpangaji hapaswi kubeba peke yake gharama ya tiyo iliyozikwa kabla hajafika, lakini anapaswa kutoa habari siku ileile anapoona unyevu. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliweka huduma ya maji mikononi mwa majimbo na mamlaka za chini. Kwa hiyo tiyo iliyopasuka barabarani ipelekwe kwa wasimamizi wa maji na kwa chefu wa mtaa, isiachwe kuwa kisima cha watoto.

Ukiita fundi, afungue mbele yako, akuonyeshe kipande kilichoharibika, na asizike tiyo mpya kabla ya kuijaza maji na kuiangalia angalau saa 1. Tiyo iliyofukiwa bila kupimwa itachimbuliwa tena, na utalipa mara mbili.

Beni na Butembo zilijifunza thamani ya robine kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, kunawa mikono kulipokuwa suala la kufa ao kupona. Kwa familia inayorudi Mutwanga, uchunguzi huu unachukua jioni moja na asubuhi moja. Ufanyike kabla bidoni ya kwanza ya kunywa haijajazwa.