Chumba cha Watatu, Jina la Mmoja

Nilikwenda Biliqo kumtazama mpwa wangu, ambaye ni mwalimu. Si safari nyepesi kwa mtu aliyezoea upepo wa bahari. Ukitoka Isiolo mjini unaikata nyika kuelekea pande za Merti, jua juu, vumbi chini. Wenyeji ni Waborana, wafugaji, Waislamu wenzetu, na salamu zao hazina haraka.

Nilimkuta kijana ameweka godoro lake nje. "Mjomba," akaniambia, "tumetolewa."

Walikuwa watatu katika chumba kimoja cha mabati, kodi shilingi 1,800 kwa mwezi, kila mmoja akitoa 600. Aliyezungumza na mwenye nyumba ni mkubwa wao, naye ndiye aliyekuwa akipeleka fedha. Mkubwa akapata uhamisho. Siku ya pili yake mwenye nyumba akaja: "Mimi nimempangisha yule. Nyinyi ni nani?" Na kodi ya mwezi wameshaitoa!

Nilimwendea mzee huyo, akanipa chai ya maziwa. Si mtu mbaya. Ana jamaa yake anayetaka chumba, na katika hesabu yake chumba ki wazi, kwani mpangaji wake kaondoka.

Sasa sheria yasemaje? Kenya tunayo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296. Humlinda mpangaji ambaye kodi ya nyumba yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa hiyo chumba kile cha Biliqo kimo ndani ya ulinzi wake, ilhali vyumba vingi vya Mombasa vimeshatoka, maana shilingi imeshuka na kiwango kimekaa pale pale. Lakini ulinzi huo ni wa mpangaji. Aliyemchangia mpangaji kodi ataulizwa kwanza: mapatano yako na nani? Tena sheria hiyo hiyo humpa mwenye nyumba sababu ya kuomba amri ya kumtoa mpangaji aliyempangisha mwenziwe bila ya ridhaa yake. Basi watu huchangiana kimya kimya, na kimya hicho ndicho kinachowaponza.

Sisi wa pwani tusijione tumepona. Nani asiyezijua nyumba zetu za Kiswahili kule Majengo: ukumbi katikati, vyumba sita, choo kimoja uani? Kila chumba kina mpangaji, na ndani yake mna binamu au rafiki aliyetia mkeka wake na kutoa sehemu ya kodi. Na mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hana ardhi, anamlipa mwenye kiwanja. Mnyororo huo ukikatika popote, wa mwisho ndiye anayeanguka kwanza.

Mwaka 2021 ulipelekwa Bungeni muswada wa wenye nyumba na wapangaji, ukikusudia kuziunganisha sheria tatu: hiyo ya kodi, ile ya maduka na hoteli, na ile ya kukamata mali ya mdaiwa kodi. Bunge lile lilimaliza muda wake 2022 bila ya muswada huo kuwa sheria. Utakapoandikwa mwingine, mimi ningetaka kifungu kimoja tu kiongezwe: kila anayetoa kodi na kulala humo, na mwenye nyumba anajua, jina lake liandikwe, apewe stakabadhi yake, na mwenziwe akihama yeye apewe ilani na muda. Wenye nyumba watasema hii ni kazi kubwa. Kubwa kwa kipi? Chuoni tulifundishwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Haikuwa ya sala wala ya funga.

Usiku ule mpwa wangu alichana karatasi ya daftari, akaandika majina mawili, kodi na tarehe. Yeye na mwenziwe wakatia saini. Asubuhi tukampelekea mzee. Akaisoma taratibu, akaikunja, akasema ataifikiri. Nilipopanda gari kurudi Isiolo ilikuwa bado imo mfukoni mwake, na godoro bado liko nje.