«LONG IN THE TOOTH»: MENO MAREFU NI YA NANI?



Katika somo la Kiingereza tulikuta maneno haya: «long in the tooth». Neno kwa neno ni «murefu wa jino». Wengi wetu tulikimbilia Kifaransa, tukafikiri ni kama «avoir les dents longues», ni kusema mutu wa tamaa, mwenye kutafuta cheo kwa nguvu. Tukapata zero! Kwa Waingereza maana ni ingine kabisa: mutu amekwisha kuzeeka.

Basi ile meno inatoka wapi? Inatoka kwa farasi. Kule Ulaya, mbele ya motokari, farasi njo alikuwa analima na kuvuta magari. Lakini muuzaji anaweza kuficha miaka ya farasi wake. Kwa hiyo munuzi alimufungua farasi kinywa. Farasi wa miaka 5 amekwisha kuota meno yote ya mbele ya ukubwa. Kisha hapo meno yanalika kila siku kwa sababu ya majani, nayo yanaendelea kutoka katika ufizi pole pole. Ufizi nao unarudi nyuma, na meno ya mbele yanainama kuelekea inje. Njo maana farasi wa miaka 20 anaonekana na meno marefu. Mwenyewe anaweza kudanganya, meno hapana.

Desturi hii ni ya zamani. Jerome, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliyekufa mwaka 420, aliandika mezali iliyojulikana tayari wakati wake: farasi wa zawadi, usimuangalie meno. Nyuma sana watu walianza kusema hivyo juu ya wanadamu. Mwandishi Mwingereza William Makepeace Thackeray alitumia maneno yale juu ya mwanamuke katika kitabu chake «Henry Esmond», mwaka 1852.

Sasa tuangalie vizuri. Maneno haya yametoka sokoni, pahali mwenye kuzeeka anapunguka bei. Kwa hiyo haiko sifa. Mutu anaweza kujisema hivyo mwenyewe kwa kucheka, lakini tusimuandikie muzee barua na kumuita hivyo! Walawi 19:32 inatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi. Haituagizi kumufungua kinywa.

Tukijifunza lugha ya wengine, tuulize kwanza: neno hili lilizaliwa wapi, na linamuweka mutu pahali gani?